Kabla Hujafunga Sanduku la Mtoto

Ndugu msomaji, kila mwaka mwezi wa Januari unapokaribia, hapa kwetu Mnazi watu huja ofisini kwangu na karatasi mikononi. Hawaji kwa cheti cha ubatizo wala kwa risiti. Wanataka niwasomee fomu ya kujiunga na shule ya bweni. Baba mtu hukaa kwenye benchi, kofia juu ya goti, akasikiliza: godoro moja, shuka mbili, blanketi, chandarua, ndoo yenye mfuniko, jembe na mpini wake, fagio la chelewa, rimu ya karatasi, sanduku la bati lenye kufuli. Na kwa kuwa sisi tu watu wa nyikani, na shule nyingi za bweni ziko juu milimani kwenye baridi, mimi huongeza kwa kinywa changu: na sweta, tena zito.

Safari hii alikuja mzee mmoja pamoja na mwanawe na mkwewe. Mjukuu wake wa kike amechaguliwa kwenda kidato cha kwanza katika shule ya bweni ya milimani. Mdogo wake, mvulana wa miaka minane, yumo darasa la pili. Baba yao amesikia sifa za shule moja ya binafsi mjini, inayofundisha kwa Kiingereza, akataka huyo mdogo naye apelekwe bwenini, ati wanyooke wote wawili kwa mara moja. Mama yao alikuwa kimya.

Nikasoma fomu hata mwisho: saa ya kuamka, saa ya mchakamchaka, saa ya paredi, saa ya kujisomea usiku, kazi za viranja, adhabu za watoro. Mzee akanyamaza kitambo, kisha akauliza: "Bwana Karani, mambo haya ya kengele, na kiranja, na kulaza watoto kundi zima chumba kimoja, nani aliyeyaanza? Sisi tulilea watoto, na kengele hatukuwa nayo."

Siku ile sikumjibu vizuri. Nilimwambia tu, "Ni desturi ya Wazungu, Babu." Lakini jibu la namna hiyo halimsaidii mtu anayetaka kumtoa mtoto wake nyumbani kwa miezi mingi. Basi nimelifikiria swali lake, na jibu nalileta kwako, msomaji, maana huenda nawe unalo sanduku la kufunga.

MZIZI WA MAMBO

Shule zetu za bweni zina babu yao, na babu huyo ni shule ya binafsi ya Kiingereza. Ni mzee sana. Shule ya Winchester ilianzishwa mwaka 1382. Shule ya Eton ilianzishwa na Mfalme Henry wa Sita mwaka 1440, naye alitaka wavulana 70 maskini wasome hapo bila malipo. Lakini pole pole matajiri walianza kuwaleta watoto wao na kulipa ada, na mwisho shule iliyokusudiwa maskini ikawa ya watoto wa wakubwa. Waingereza wenyewe waliziita shule hizi "shule za umma", jina ambalo humshangaza mgeni. Maana yake ni kwamba mtoto yeyote aliweza kuingia, hata asiye mwenyeji wa mji ule, ilimradi mzazi wake ana fedha. Siku hizi huitwa shule zinazojitegemea, kwa sababu hazisimamiwi na Serikali.

Usidhani kwamba Waingereza wote husoma huko. Katika England watoto kama 7 tu katika kila 100 ndio walio katika shule hizo, na wengi wao hurudi kulala kwao. Tangu Januari 2025 Serikali ya huko inatoza kodi ya asilimia 20 juu ya ada zake. Kumsomesha mvulana mmoja Eton sasa ni zaidi ya pauni 60,000 kwa mwaka, yaani zaidi ya shilingi milioni 150 za kwetu. Kumbuka hesabu hiyo, maana tutairudia.

Zamani shule hizo zilikuwa mahali pa fujo. Walimu walikuwa wachache, na nje ya darasa vijana walijitawala kama walivyotaka. Mwaka 1797 wanafunzi wa shule ya Rugby waliasi, wakavunja na kuchoma vitu, hata ikabidi waitwe askari kuwatuliza. Hebu fikiri, askari wanaitwa kwa ajili ya watoto wa shule!

Mwaka 1828 Rugby ikapata mkuu mpya, kasisi jina lake Thomas Arnold, akakaa hapo hata alipofariki mwaka 1842. Viranja hakuwabuni yeye. Walikuwako kabla yake. Alichofanya ni kuwaita wale wakubwa wa darasa la mwisho, akawapa dhamana, akawaambia kwamba wao ni wasaidizi wake na watatoa hesabu kwake juu ya wadogo. Aliweka tabia njema mbele, akili ya kitabu ikafuata. Walimu waliokuwa chini yake, na wanafunzi wake, wakaenda kuongoza shule nyingine, na mtindo ukaenea. Mwaka 1857 mwanafunzi wake wa zamani, Thomas Hughes, akaandika hadithi ya maisha ya Rugby iliyosomwa karibu dunia nzima, ya kijana aitwaye Tom Brown. Basi kiranja wa shule ya mjukuu wa yule mzee wangu ana ukoo mrefu namna hiyo.

SIKU YA MWANAFUNZI

Maisha ya shule hizo hugawanyika mafungu matatu: darasa, uwanja na nyumba.

Darasani, zamani ilikuwa Kilatini na Kigiriki asubuhi hata jioni. Sasa wanafundishwa hesabu, sayansi, lugha, historia, muziki na mengineyo. Wana mtihani mkubwa wakiwa na umri wa miaka kama 16 na mwingine wakiwa na 18, kama sisi tulivyo na kidato cha nne na cha sita. Usiku wanakaa kujisomea kwa saa zilizopangwa, kimya, mwalimu akipita. Desturi hii nadhani ni tunda bora kuliko yote tuliyopokea. Mtoto wa kwetu anayesoma kwa taa ya jikoni huku mdogo wake akilia na bibi akiita maji, akipewa saa mbili za kimya kila usiku, huweza kuwa mtu mwingine kabisa.

Uwanjani, kila alasiri kuna michezo, na mtoto haulizwi kama anapenda. Ndiko mpira wa dunia ulikopata sheria zake. Mwaka 1845 wanafunzi wa Rugby waliandika kanuni za mpira wao wa kushika kwa mikono, na mchezo huo hadi leo una jina la shule ile. Kwa kuwa kila shule ilikuwa na sheria zake, vijana walipotoka shuleni walishindwa kucheza pamoja. Huyu ashika mpira, yule asema ni kosa. Huyu apiga mateke ya miguu, yule asema ni haramu. Mwaka 1863 watu wa vilabu walikutana London, wengi wao wakiwa wametoka katika shule hizo, wakaunda chama cha mpira na kuandika sheria za mchezo wa miguu. Kwa hiyo kijana wa Mnazi anayecheza chandimu jioni, akipiga kelele "Umeunawa!", anashika sheria iliyoshindaniwa na wanafunzi wa bweni wa Uingereza zaidi ya miaka 160 iliyopita.

Shabaha ya michezo hiyo ilikuwa kumfundisha kijana kutii mwamuzi hata akiwa amekosea, kumpa mwenzake mpira, kushindwa bila kununa. Mambo hayo matatu yafaa hata katika ndoa na katika kamati za kijiji.

Fungu la tatu ni nyumba. Hapa naomba usome pole pole. Eton ina nyumba 25, na kila moja ina wavulana kama 50. Kila mvulana ana chumba chake. Katika nyumba hiyo hukaa mwalimu mlezi, analala chini ya paa moja na wale watoto, pamoja na mama mlezi wa kuangalia afya zao. Mwalimu huyo yampasa kumjua kila mmoja: nani anaumwa, nani amefiwa, nani hali chakula. Wazazi humwandikia yeye, naye huwajibu.

YALIVYOTUFIKIA SISI

Wamisionari wa UMCA walifika Unguja mwaka 1864. Shule yao ya Kiungani iliwalea wavulana waliokombolewa utumwani, watoto wasio na baba wala mama wa kuwarudia. Kwao bweni lilikuwa ndiyo nyumba yenyewe. Kutoka Unguja wakaja Magila, chini ya milima yetu hii ya Usambara, wakaweka shule na huko. Baadaye kazi ya Kiungani ikahamia Minaki. Uganda, wamisionari wa CMS walifungua King's College Budo mwaka 1906, juu ya kilima wanachotawazwa wafalme wa Buganda. Serikali ya Waingereza ilifungua shule ya Tabora katika miaka ya 1920 kwa ajili ya watoto wa machifu, nayo ikawa na nyumba zake, viranja wake na paredi yake, hata watu wakaifananisha na Eton. Ndiko alikosoma Julius Nyerere, mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki. Mwaka 1926 ikafunguliwa Alliance High School huko Kikuyu, Kenya, na kuanzia mwaka 1940 hadi 1962 mkuu wake alikuwa Carey Francis, bingwa wa hesabu aliyeacha kazi ya kufundisha Cambridge akaja Afrika.

Walowezi nao walijengea watoto wao shule za Kiingereza hasa: Pembroke House huko Gilgil mwaka 1927, na St Andrew's huko Turi mwaka 1931. Shule hizo mbili ziko hata leo, na watoto wa Waafrika wenye uwezo wamo ndani yake.

Hatuwezi kusema kwamba mtindo huu haukuzaa matunda. Wengi waliotuongoza kwenye Uhuru walipita mabwenini. Huko Mzanaki alikula sahani moja na Mchaga na Mngoni, wakajifunza kuitana ndugu. Na wasichana wa Usambara waliopelekwa Kifungilo na kwingineko, laiti wangeachwa nyumbani, wengi wao wangeozwa kabla ya kumaliza kusoma. Hilo sharti tulikiri wazi.

Lakini mtu yule yule aliyesoma Tabora, alipokuwa Rais, aliandika mwaka 1967 juu ya Elimu ya Kujitegemea. Akalalamika kwamba shule zinamtenga kijana na watu wake, zinamfanya ajione bora kuliko baba yake mkulima. Alijua alichokisema, maana alikipitia.

Na yuko mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki mwaka 2025. Aliingia Alliance mwaka 1955, wakati wa vita vya Mau Mau. Katika kitabu cha kumbukumbu zake ameeleza jinsi alivyorudi likizo baada ya muhula wa kwanza, sare mwilini na sanduku mkononi, akakuta kijiji chao hakipo. Nyumba zilikuwa zimebomolewa kwa amri ya Serikali ya kikoloni na watu wamehamishiwa kijiji kingine. Kule shuleni kengele ilikuwa imelia kila siku kwa saa yake, chakula kimeliwa kwa saa yake, naye hakuwa na habari kwamba nyumbani kwao pamekuwa magofu.

Hayo yalikuwa ya vita. Lakini hata wakati wa amani, mtoto wa bweni huweza kukosa habari za nyumbani, na nyumbani wakakosa habari zake.

NUSU TULIYOICHUKUA

Sasa nirudie ile hesabu ya fedha. Shule ya Kiingereza ya bweni ina nusu mbili. Nusu ya kwanza ni kengele, kiranja, sare, paredi na fimbo. Hii ni rahisi, haigharimu kitu. Nusu ya pili ni mtu mzima anayelala chini ya paa moja na watoto hamsini na kumjua kila mmoja kwa jina la nyumbani kwao. Hii ni ghali. Sisi, kwa umaskini wetu na wingi wa watoto wetu, mara nyingi tumechukua ile nusu rahisi, na ile ghali tukaiacha Ulaya. Bweni likapata kiranja, likakosa mlezi.

Nitakusimulia jambo moja. Mimi nilipelekwa bwenini nikiwa na miaka kumi na minne. Shule siitaji. Wiki ya pili wavulana wakubwa walikuja "kuazima" blanketi langu. Nililala miezi mingi kwa shuka mbili na sweta, mtoto wa nyikani katika baridi ya milimani. Kiranja wa bweni alijua vizuri sana, kwa kuwa blanketi lilikuwa kitandani kwake. Katika kila barua niliandika kama tulivyozoea wote: mimi ni mzima wa afya, hofu ni juu yenu.

Niliporudi likizo ya Juni, mama yangu hakuniuliza juu ya shule. Alifungua sanduku, akatoa kitu kimoja kimoja, akapanga juu ya mkeka. Kisha akasema, "Blanketi liko wapi?" Nikajibu kwamba limepotea. "Lilipotea lini?" Nikasema, Februari. Akanitazama. "Na baridi ya mwezi huu umelalia nini, mwanangu?" Hapo nikalia, nami nilikuwa nimekwisha kuota ndevu mbili tatu.

Mama hakwenda kupiga kelele. Shule zilipofunguliwa alipanda gari pamoja nami, akakaa mbele ya mwalimu wa bweni, akamweleza kwa adabu. Yule mwalimu alishikwa na haya. Alikuwa mtu mwema, lakini alikaa ng'ambo ya barabara na usiku hakuingia bwenini, akawaachia viranja. Siku ile ile blanketi likarudi. Na kama sanduku lisingefunguliwa mezani pa mama? Ningalimaliza miaka minne nikiandika kwamba mimi ni mzima wa afya.

Usifikiri kwamba wenye fedha wamesalimika. Desturi ya Kiingereza ya mtoto mdogo kumtumikia mkubwa, kumng'arishia viatu na kumchemshia chai, ilidumu karne nyingi na kufa katika nusu ya pili ya karne iliyopita. Mfalme Charles alipokuwa kijana alipelekwa Gordonstoun huko Scotland mwaka 1962, na imeandikwa mara nyingi kwamba alikuwa na majonzi makubwa huko. Naye ni mtoto wa Malkia. Charles Spencer, ndugu yake marehemu Diana, alitoa kitabu mwaka 2024 akisimulia mateso aliyopata katika shule ya bweni aliyopelekwa akiwa na miaka minane tu. Alikuwa mzee wa miaka karibu sitini alipoyatoa moyoni. Basi hata ada kubwa hainunui usalama, kama hakuna anayemsikiliza mtoto.

FIMBO NA MOTO

Mambo mawili hayafai kuachwa.

La kwanza ni fimbo. Waingereza waliotuletea kiboko wamekwisha kukiacha. Shule zao za Serikali zilikatazwa kwa sheria ya mwaka 1986, na za binafsi katika England kwa sheria ya mwaka 1998. Kwetu bado kinaruhusiwa, lakini kwa mipaka. Kanuni za mwaka 2002 zasema viboko visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyepewa ruhusa yake kwa maandishi, na kila adhabu iandikwe kitabuni. Kiranja hakutajwa humo. Kiranja anayempiga mtoto anavunja kanuni, na mwalimu anayemwacha apige amekosa pia. Mwambie mtoto wako jambo hilo kabla hajapanda gari.

La pili ni moto. Mwaka 1994 bweni la shule ya wasichana ya Shauritanga, Rombo, liliungua usiku, wakafa wasichana 42. Septemba 2024 bweni la shule ya msingi ya Hillside Endarasha, Nyeri, Kenya, liliungua, wakafa wavulana 21. Mimi siwezi kusoma habari hizo bila kufikiria mlango. Je, ulifunguka? Madirisha yalikuwa na nondo? Ukienda kumpeleka mtoto, usione haya kuingia bwenini na kuutazama mlango.

UMRI GANI?

Yule baba alitaka mvulana wa miaka minane aende. Desturi ya kupeleka bwenini mtoto wa miaka minane nayo ni ya Kiingereza. Watoto wa watawala waliachwa Ulaya wazazi wakiwa ng'ambo ya bahari. Sisi hatuko ng'ambo ya bahari. Na Serikali yetu kwa Waraka wa Elimu wa mwaka 2023 ilizuia huduma ya bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, isipokuwa kwa kibali maalumu. Sababu yake haina fumbo: mtoto wa umri huo anahitaji malezi ya wazazi na jamii yake. Mtoto anayejikojolea usiku, anayeogopa giza, asiyejua bado kusema "Fulani amenishika mahali pasipofaa", atamwambia nani?

Wazee wetu nao waliwaondoa watoto nyumbani wakawapeleka jandoni. Lakini waliwapeleka walipokwisha kuanza kupata akili, kwa muda mfupi, na kila mmoja alikuwa na mlezi wake aliyejulikana kwa baba na mama. Nadhani ndicho alichokuwa akikitafuta yule mzee katika fomu yangu: jina la mlezi. Halikuwamo.

MASWALI YA KUULIZA

Basi, msomaji, kabla hujafunga sanduku, iulize shule maswali haya. Uliza kwa heshima, maana walimu wengi hujitahidi kupita uwezo wao, lakini uliza.

Kwanza, ni mtu mzima gani analala bwenini au jirani kabisa na bweni, na jina lake nani?

Pili, watoto wangapi wanalala chumba kimoja, na kila mmoja ana kitanda chake?

Tatu, mlango unafunguka kutoka ndani usiku? Iko njia ya pili ya kutokea?

Nne, kiranja ana mamlaka gani, na mtoto akionewa na kiranja amwambie nani?

Tano, mzazi aweza kusema na mtoto wake mara ngapi katika muhula, bila mtu kusimama karibu?

Sita, mtoto akiugua saa nane ya usiku, anapelekwa wapi na kwa chombo gani?

Shule njema itakujibu bila kukasirika. Shule inayokasirika kwa maswali hayo imekwisha kujibu.

Na nyumbani nawe una kazi yako. Andika orodha ya vitu vyote vya sandukuni, nakala mbili. Patana na mtoto neno moja la siri ambalo akilisema katika simu au akiliandika katika barua, wewe utajua kwamba hali si njema, hata kama maneno mengine yote ni "mimi mzima". Siku za kutembelea wanafunzi, nenda. Kama nauli ni ya mtu mmoja, aende yule ambaye mtoto humwambia mambo. Na akirudi likizo usimgeuze mgeni kwa kumkalisha kitini. Mpe jembe, mpe mdogo wake ambebe, ili asisahau kwamba hapa ni kwao.

Nilipokwisha kuyasema haya kwa ufupi kwa watu wangu wa siku ile, yule baba aliuliza mara mbili kuhusu ule Waraka wa 2023, kisha akasema kwamba mvulana atangoja. Atasoma hapa hapa Mnazi na kulala nyumbani, hata apate umri. Msichana yeye atakwenda, tena kwa furaha. Alikuwa amesimama mlangoni muda wote akisikiliza, na macho yake yalikuwa yamekwisha kupanda mlima.

Mama yao hatimaye akafungua kinywa. Akaniomba karatasi mbili. Akaandika mwenyewe, kwa mwandiko wa polepole: godoro moja, shuka mbili, blanketi moja la rangi ya buluu. Nakala moja akampa binti aiweke sandukuni. Ya pili akaikunja, akaifunga katika pindo la khanga yake, akasema, "Tutaonana nalo Juni."